Honorine Lombe Kisimba (1968–2025), Ambaye Hakugundua Katamikol

Wasifu unaosomwa na mdogo wake, Laurent Kisimba, siku ya maziko, Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, Lubumbashi

Ndugu, majirani wa Katuba, wanaparokia, na ninyi wa chuo: asanteni kwa kufika. Waliokaa juani watuwie radhi. Hema ni dogo kuliko msiba, na mtu pekee katika ukoo huu aliyekuwa na tabia ya kupima vitu kabla ya kuviagiza ndiye tunayemzika leo.

Mama Honorine Lombe Kisimba alizaliwa Mitwaba tarehe 9 Septemba 1968, mtoto wa tatu kati ya saba wa Baba Symphorien Kisimba, karani wa misheni, na Mama Régine Mwewa, mwuza samaki wakavu kutoka Pweto. Babu yake alilaza reli kwa miaka kumi na tisa, na kutoka huko alileta nyumbani filimbi moja na mgongo mbovu. Honorine alibatizwa akiwa na wiki tatu. Akiwa na miaka sita, katika masika, gunia la samaki wa mama yake lilishika unyevu. Mama Régine aliwapangusa samaki kwa kitambaa, akawapanga vizuri juu ya mkeka sokoni, akamwacha binti awaangalie huku yeye akienda kuchota maji. Aliporudi, wateja wote walikuwa wameondoka. “Nilibaambia tu baangalie muzuri,” binti alisema, “samaki iko naota manyoya.” Alipigwa kofi moja, la haki kwa mujibu wa biashara, na familia ikaelewa mapema kwamba huyu sokoni hatafaa.

Mwaka 1975 familia ilihamia Lubumbashi, komini ya Katuba. Alisoma shule ya msingi kwa masista, kisha sekondari katika kitengo cha kemia na biolojia, akapata diploma ya taifa mwaka 1987 kwa asilimia sitini na moja. Baba alitaka ajifunze kushona. Alishona mwezi mmoja, gauni likatoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine kwa sentimita tatu, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitangaza kosa kwa mteja. Baba akalipa masomo ya maabara. Alimaliza mwaka 1991.

Tarehe 3 Februari 1992 aliajiriwa kama laborantine, fundi wa vipimo, katika maabara ya kuvu ya chuo kimoja cha mji huu. Chuo kimeiomba familia isikitaje jina katika karatasi hii, na familia imekubali, kwa kuwa nyote mnakijua.

Kwa wale waliomwuliza kazi yake kwa miaka thelathini bila kungoja jibu, ilikuwa hii. Kuna kuvu ya mkate na kuvu ya watu. Kuvu ya watu hukaa kwenye ngozi ya kichwa, kwenye kucha, kwenye ulimi wa mtoto mchanga. Na kwa mtu ambaye mwili wake umechoka kujitetea, hushuka hadi kooni, chakula kikakataa kupita. Marehemu aliipanda kuvu hiyo ndani ya sahani ndogo zenye uji mgumu, kama wengine wanavyopanda mboga ya lengalenga, kisha akaijaribia majani, magome na mizizi ambayo waganga na mabibi wa Katanga wanaisifia. Mmea ulilowekwa ndani ya alkoholi ili utoe nguvu zake, alkoholi ikakaushwa juu ya maji ya moto, na kile kilichobaki kikapakwa juu ya kiduara cha karatasi. Karatasi iliwekwa juu ya kuvu. Baada ya siku mbili, kama dawa ina nguvu, kuzunguka karatasi kunabaki duara tupu ambalo kuvu haikuthubutu kuingia. Kama haina, kuvu inapanda juu ya karatasi na kustarehe. Marehemu alipima duara kwa rula ya plastiki ya shule na kuandika milimita katika daftari. Hadi mwisho wa mwaka 2018 alikuwa amejaribu mimea mia nne na kumi na miwili. Mia tatu na themanini haikufanya kitu chochote, na aliiandika kwa mwandiko uleule mzuri alioiandikia iliyofanya kidogo.

Pembeni ya kila jaribio aliweka sahani moja ambayo haikuguswa na mmea wowote. Ilipewa alkoholi tupu, iliyokaushwa namna ileile. Kwa Kifaransa wanaiita témoin. Yeye alisema shahidi. Kuvu ikiota kote kwenye sahani ya shahidi, basi unajua kwamba kilichoua kwenye sahani nyingine ni mmea. Kwa miaka ishirini na saba kuvu iliota kote. Hiyo ndiyo hasara ya shahidi asiyesema uongo: watu wanazoea, wanaacha kumwita.

Nyumbani kazi hiyo ilieleweka kwa shida. Mwalimu alipowauliza watoto wa darasa la kwanza mama zao wanafanya nini, kifungua mimba wake Merdi alisema: “Mama yangu anafugaka bukungu,” yaani kuvu. Mwalimu alituma barua kwa wazazi. Marehemu alikwenda shuleni na sahani nne zilizofungwa vizuri, nyeupe, nyeusi, ya kijani na moja ya waridi, na kwa wiki nzima watoto wa darasa lile walikataa kula mkate bila kuugeuza kwanza.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na Bwana Elisée Tshibangu, mwenye imprimerie ndogo inayochapa kadi za harusi na programu za misiba, pamoja na hii mliyoishika. Babu zake Elisée walitoka Kasai, na ile, miaka ya Wakasai kufukuzwa Katanga, haikuwa miaka ya kuoana hivyo. Mjini kila mtu alikuwa anahesabu babu za mwenzake. Tantine mmoja wa ukoo, shangazi, alimwuliza mbele ya watu, “Honorine, mu Katanga muzima umekosa bwana?” Akajibu, “Tantine, nilitafuta muzuri. Njo ule nilipata.” Waliishi pamoja miaka thelathini na wiki nane. Tantine yuko hapa, na anakula vizuri.

Sasa inabidi kusema habari ya Katamikol. Kabla ya kufa, marehemu aliiomba familia jambo moja: jina lake litoke kwenye chupa ya dawa hiyo. Halijatoka. Na kwa kuwa redio imetangaza tangu Jumanne kwamba ameaga dunia “mgunduzi mwenza wa Katamikol”, familia haina pengine pa kujibu ila hapa.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 mkuu wa maabara, Profesa Rigobert Kapampa, ambaye yuko nasi chini ya hema, kiti cha tatu safu ya mbele, alileta majani ya kichaka fulani cha upande wa Mitwaba. Jina la kichaka hatutalitaja, kisije kikauzwa sokoni kesho asubuhi. Alkoholi safi ya maabara ilikuwa imeagizwa tangu mwaka uliotangulia na haikufika. Profesa akamtuma dereva hadi mtaa wa Naviundu, akarudi na madumu sita ya lutuku, pombe kali ambayo akina mama wanaitonesha nyumbani kwa mahindi na mihogo.

“Prof, hii iko lutuku,” marehemu alisema akinusa.

“Alcool iko alcool, Mama Honorine. Molécule haijue fasi ilizaliwa.”

Sahani zilikuwa zimebaki kumi na nne. Ili zitoshe kwa majani, marehemu aliamua mwenyewe kuacha sahani ya shahidi. Hakulazimishwa. Tunaliandika hili kwa sababu yeye aliliandika, baadaye, kwa wino mwekundu.

Tarehe 12 Machi 2019 alifungua sahani na kukuta duara tupu la milimita ishirini na nne. Katika maisha yake alikuwa hajavuka kumi na tano. Alipima mara tatu, akabadilisha rula, akapima tena. Profesa aliimba. Mwezi Juni alihutubia redioni juu ya hekima ya mababu, akaipa dawa jina, na ripoti ikatoka na saini mbili: yake, na ya Honorine Lombe K. Familia ilichinja mbuzi. Marehemu alinunua viatu vyekundu na kuvivaa misa ya kwanza, akakaa mbele, yeye ambaye misa zote alikaa nyuma. Hatusemi hivi kumcheka. Mtu aliyeandika “haikufanya kitu” mara mia tatu na themanini alikuwa na haki ya viatu.

Septemba, alkoholi safi ikafika. Ilitakiwa kurudia jaribio kwa ajili ya faili la wizara. Akarudia, majani yaleyale, kuvu ileile. Kuvu ilipanda juu ya karatasi na kukaa. Sifuri. Akarudia mara mbili zaidi. Profesa alisema majani yamechumwa msimu mbaya. Marehemu aliitikia, akarudi maabara, akaangalia kona ambako dumu moja la Naviundu lilikuwa bado limesimama.

Tarehe 8 Oktoba 2019 alifanya alichopaswa kufanya mwezi Machi. Alichukua lita tano za lutuku bila jani hata moja, akazikausha polepole juu ya maji ya moto. Chini ya bakuli ilibaki pete ya kijani inayoelekea buluu, rangi ambayo mtoto yeyote wa mji huu anaijua kabla ya kujua kusoma, rangi ya shaba iliyonyeshewa. Mwezi Machi rangi hiyo ilikuwa imejificha ndani ya kijani cha majani, na hakuna aliyeiona. Alipaka masalio hayo kwenye karatasi, akaiweka juu ya kuvu. Baada ya siku mbili alipima: milimita ishirini na nne.

Lutuku ilikuwa imepita katika bomba la shaba. Shaba ilikuwa imemumunyuka ndani yake, na shaba inaua kuvu, jambo ambalo wakulima wanalijua na ambalo vitabu vimelisema zamani. Hekima ya mababu iliyotangazwa redioni ilikuwa bomba.

Alikwenda kwa Profesa asubuhi ileile na bakuli mkononi.

“Prof, majani haifanye kintu. Ni shaba ya mu lutuku njo inaua.”

“Inaua ao haiue?”

“Inaua.”

“Bon. Sasa uko unalia nini?”

“Dozi, Prof. Bidon moja iko na shaba mingi, ingine iko na kidogo. Na mutoto akikunywa shaba anatapika. Juu ya nini tubapatie bantu kintu hatujue kipimo yake?”

“Mama Honorine, bantu ya Kinshasa banatungoja, weye uko unapima bidon.”

Wiki iliyofuata agizo lilitoka kwa maandishi: kwa heshima ya desturi, Katamikol itaendelea kutengenezwa kwa alkoholi ya kienyeji. Alkoholi safi ikafungiwa kabatini.

Mwezi Februari 2020 Bwana Elisée alifika nyumbani akiwa ameficha karatasi ndani ya koti, anacheka peke yake.

“Mama Merdi, funga macho.”

“Elisée, niko napika.”

“Funga tu, leka matata.”

Alipofungua, aliona lebo ya chupa, rangi tatu: KATAMIKOL, kwa kinywa na koo, watoto na wakubwa, wagunduzi, Prof. Rigobert Kapampa na Honorine Lombe K. Jina lake lilikuwa limepigwa kwa herufi kubwa kuliko la Profesa. Hilo Elisée alilifanya mwenyewe, hakuna aliyemtuma.

“Umetosha ngapi?” aliuliza, yaani zimechapwa ngapi.

“Elfu mbili. Beko nakuja kubeba kesho.” Kisha akamwangalia. “Juu ya nini uko unaniangalia vile?”

Alikuwa hajamwambia. Miezi minne alikuwa amekaa na jambo lile kifuani, akitumaini kwamba Profesa atalala, ataamka, atapima. Akamwambia yote, na bukari, ugali wa jioni, ikaungua juu ya jiko la mbabula. Elisée alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali la mwenye imprimerie.

“Kama natosha ingine bila jina yako, dawa itakuwa muzuri?”

“Apana. Itakuwa tu mubaya bila miye.”

Elisée alizikata lebo elfu mbili kwa mashine yake, na siku iliyofuata alimwambia dereva wa chuo kwamba mashine imeharibika. Profesa alipata imprimerie nyingine mjini. Huko jina la marehemu likapigwa tena, safari hii kwa herufi ndogo. Marehemu aliandika barua ya kwanza kuomba liondolewe. Hakujibiwa.

Aprili ya mwaka huo, wakati kila mtu alikuwa amefunika mdomo na hakuna aliyejua nani ni nani, jirani yetu Lydie aligonga mlango na mtoto wa miezi saba mgongoni. Mtoto alikuwa ametapika siku mbili. Ulimi wake ulikuwa umesafishika vizuri sana.

“Yaya Honorine, dada yangu, nilimupatia ile dawa. Kijiko tatu, vile banaandika.”

“Sababu gani haukuniuliza kwanza, Lydie?”

“Nikuulize nini tena, yaya? Jina yako iko tu pale. Njo maana nilinunua.”

Walimpeleka mtoto hospitali kwa miguu. Alipona. Yule pale anayechezea mchanga na kuchafua soksi ndiye huyo, na kama kuna mtu ana haki ya kuchafuka leo, ni yeye.

Marehemu hakurudi kwa Profesa. Alipanda teksi hadi Naviundu, akauliza nyumba ya Mama Kiki, mtoneshaji wa lutuku. Alimkuta kando ya pipa, moshi umejaa uani.

“Kama uko muntu wa hygiène ya serikali,” Mama Kiki alisema bila kugeuka, “miye nauzishaka maji ya nanasi.”

“Niko wa labo ya chuo. Beko nanunua bidon kwako.”

“Aa! Ba Prof!” Sasa aligeuka. “Mama, bale bantu banakunywa! Bidon sita, bidon kumi, na asubuhi asubuhi! Nilimwambia bwana yangu: kumbe masomo iko nguvu hivi.”

Marehemu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba kwa maelezo yake mwenyewe. Kisha aliomba kuona bomba. Lilikuwa la shaba, limekunjwa mara nne, limetoka kwenye mtambo gani Mungu ndiye anajua. Aliingiza kidole ndani, akakitoa kikiwa kijani.

“Hii inaingia mu pombe. Beye banatengenezea dawa ya batoto.”

Mama Kiki aliweka mwiko chini. “Batoto? Na pombe yangu?”

“Njo vile.”

“Apana, mama. Miye nauzishia baba bakubwa, banajua kintu beko natafuta. Batoto apana. Apana, apana.”

Siku ileile, Ijumaa, Mama Kiki alitupa bomba la shaba na kuweka la inox, chuma kisichoshika kutu. Hakuomba barua wala kikao, wala hakutaka kujua nani mgunduzi. Katika habari hii yote ni mtu mmoja tu aliyebadilisha kitu siku alipoelezwa, na serikali inamkataza kazi.

Na hapo ndipo uchungu wa marehemu ulipoanza hasa. Mwezi Mei alinunua chupa ya Katamikol katika farmasi ya mtaani, akaijaribu. Milimita sifuri. Watoto hawakutapika tena, wala kuvu haikufa tena. Alikuwa ameondoa sumu, na dawa ikatoka pamoja nayo. Profesa hakuiona tofauti, kwa kuwa ili kuiona ingebidi kupima. Chupa ziliendelea kwenda: Likasi, Kolwezi, Pweto, hospitali kwa hospitali. Siku moja marehemu alimwambia mdogo wake Delphine, wakiwa wanachambua sombe, majani ya mihogo:

“Mbele ilikuwa naponyesha na kutapisha. Sasa miye niliifanya maji. Bantu ya sida, ile ya ukimwi, banawacha tablette ya hôpital, banakunywa maji, bukungu inashuka ku koo. Na pa chupa njo jina yangu.”

“Yaya, si weye uliitengeneza.”

“Si miye. Lakini miye sikuweka shahidi.”

Tarehe 22 Juni 2020 alimwandikia mkuu wa fakulteti barua ya kurasa kumi na moja, yenye picha za sahani zote. Alikuwa na ombi la mistari miwili: dawa isimamishwe, kama haiwezekani, jina lake liondolewe. Kamati iliundwa. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Kapampa. Ilikutana mara mbili, ikagundua kwamba sahani nane zilitumika bila kibali, jambo ambalo ni kweli, na tarehe 1 Februari 2021 marehemu alihamishiwa bohari ya vyombo vya kioo. Huko alihesabu mirija na chupa kwa miaka mitatu na nusu. Hakuna hata kimoja kilichopotea.

Kila Januari aliandika tena kuomba jina liondolewe. Mwaka 2023 alijibiwa. Barua ilisema kwamba ombi limesomwa kwa makini, lakini haliwezekani, kwa vile wateja wana imani na jina lake. Barua hiyo aliikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha sala, sehemu ya zaburi za kuomboleza. Kwa watu wa dini tunaeleza kwamba hakukusudia dharau. Palikuwa ni mahali alipopasoma mara nyingi.

Mwezi Agosti 2024 miguu yake ilianza kuvimba. Ilikuwa figo. Aliingia hospitali tarehe 2 Desemba, na ndoa yake ikatimiza miaka thelathini akiwa kitandani, Elisée ameleta keki na kisu cha plastiki, yeye akaigawia wodi nzima vipande vilivyo sawa kabisa. Dawa nyingi za sindano zilimdhoofisha, na katikati ya Januari alifungua mdomo mbele ya binti yake Sephora akasema kwa utulivu wa mtu wa kazi, “Angalia ku ulimi. Nyeupe? Inatoka ukikwangua?” Sephora alikwangua kwa kijiko. Ilitoka. “Bon,” alisema. “Naijua.”

Muuguzi wa zamu, Edith, msichana mwenye moyo safi, alifika na kijiko na chupa.

“Mama, kunywa. Iko dawa ya kwetu, ya hapa hapa. Na angalia, mwenye kuitengeneza iko na jina sawa yako!”

Marehemu alishika chupa, akaisoma mbele na nyuma, hata tarehe ya kuisha.

“Mwanangu, niletee bic.”

Alikata jina lake kwa mstari mmoja, kisha mwingine, hadi karatasi ikachanika na kioo kikaonekana.

“Sasa nipatie tablette.”

Tablette hazikuwepo. Tangu Katamikol ifike, wodi ilikuwa haiagizi tena. Sephora alizunguka farmasi za mji siku mbili. Kwa siku tano mama yake hakumeza chochote zaidi ya maji, na hayo kwa machozi. Zilipopatikana, koo lilifunguka ndani ya wiki, akala bukari na samaki wa Pweto, kidogo, akasifia chumvi. Edith, alipoelezwa jina ni la nani, aliichukua chupa ile na kutoka nayo nje ya wodi. Kesho yake chupa zote za kabati lile zilikuwa kwenye kartoni sakafuni. Ameitwa kujieleza Jumatatu ijayo. Familia itakwenda naye.

Mama Honorine alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alikufa kwa figo. Kuvu haikumwua. Tunalisema wazi ili mtu asije akatengeneza hadithi tamu kuliko ilivyokuwa. Angekasirika, na angedai vipimo. Maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka aliyasema Jumapili, kwa Elisée na kwa mdogo wake Laurent: “Jina yangu muitoshe pale pa chupa. Siyo juu ya kusikia haya. Kuko muntu mu Pweto eko naisoma saa hii, na eko naamini.”

Kwa hiyo familia inasema mbele ya jeneza, padre akiwa shahidi: Honorine Lombe Kisimba hakugundua Katamikol. Alichogundua ni kwamba haifanyi kitu, na alikigundua mara tatu, kwa rula. Mwenye mgonjwa anayeitumia ampeleke hospitali leo, asingoje tumalize kula.

Ameacha mume, Bwana Elisée Tshibangu. Watoto watatu, Merdi, Sephora na Israël. Mjukuu mmoja, Michelle. Ndugu wanne, Laurent, Delphine na wawili walioko Mitwaba ambao barabara imewazuia. Mama yake mzazi, Mama Régine, mwenye miaka themanini na minane, ambaye anauliza kwa nini foleni imeruka mtu. Ameacha madaftari thelathini na manne. Nakala za yote ziko kwa Merdi, na yeyote anayetaka kusoma atapewa kiti.

Shada la maua la chuo limepokelewa kwa shukrani. Utepe wake, ulioandikwa “Kwa mgunduzi mwenza”, Bwana Elisée ameufungua asubuhi hii, ameukunja vizuri, na ameurudisha kwa aliyeuleta. Maua tumeyaacha.

Jina lake sasa liko juu ya msalaba wa mbao, limepigwa na mumewe kwa herufi kubwa. Hapo aliliruhusu. Apumzike kwa amani.